Amri Namba Saba na Sahani ya Halua

Kanali Abdulhamid, kamanda wa kikosi chetu, ni msemaji. Hilo sitamnyima. Akisimama mbele ya askari mia mbili na kufungua mdomo juu ya maadili, weledi na uongozi, hata kunguru wa pale uwanjani wanatulia. Mwaka huu alituambia kiongozi ni wa kwanza kuamka na wa mwisho kula. Akatuambia weledi ni kusoma kabla ya kusaini. Tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mimi nilipiga kuliko wote, maana hotuba niliiandika mwenyewe, Jumanne, kati ya saa nne na saa sita, huku natafuna mihogo ya kukaanga. Yeye aliiona kwa mara ya kwanza pale jukwaani.

Naitwa Leticia, Sajinitaji, karani mkuu. Kila karatasi inayotoka kwenye kikosi chetu hapa mjini, mwendo mfupi wa bajaji kutoka Upanga, imepita kwenye vidole vyangu hivi. Makamanda watano wamenikuta na kuniacha. Watu wanasema nina mdomo. Ni kweli ninao, ila kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa nikiutumia nikishavuka geti.

Sasa sikia mkasa ulivyoanza. Mwezi wa pili, Brigedia Elibariki, mkubwa wake Kanali, alikuwa anapita Kariakoo na gari lake akakutana na askari wetu mmoja amevaa sare safi kabisa, amekumbatia tikitimaji kwa mikono miwili. Askari akamwona brigedia. Afanye nini? Akatikisa kichwa, vile unavyomwitikia jirani aliyekwambia mambo. Brigedia alipiga simu tu. Baada ya simu hiyo Kanali aliniita ofisini, jasho linamtoka na kiyoyozi kinaunguruma.

"Leticia, andika amri. Kali."

Nikaandika Amri ya Kikosi Namba Saba: askari yeyote aliyevaa sare, akiwa nje ya kambi, hatashika kitu chochote kwa mkono wa kulia; mkono wa kulia ni wa saluti. Ilikuwa saa tisa na nusu, nami nilitaka kuwahi soko la samaki Feri kabla changu wazuri hawajaisha, kwa hiyo sikuongeza neno wala kupunguza. Kanali akasaini huku anaongea na simu. Weledi huo.

Nilikuwa nimeshaibandika ubaoni na nafunga droo aliposimama dirishani Koplo Ansbert. Ansbert ni dereva, mtu wa Mbinga, mpole, na ana ugonjwa mmoja ambao jeshini haujapata dawa: anaamini kilichobandikwa ubaoni.

"Afande, hii amri mpya haina ila?"

"Ila ya nini?"

"Kwa mfano nampa mtu mzima kitu, na niko kwenye sare. Nimpe kwa kushoto?"

"Ansbert, unajua kusoma?"

"Najua, afande."

"Basi soma kilichoandikwa, ufuate. Niache nifunge ofisi."

Akanyoosha mgongo, akasema ndiyo afande, akaenda zake. Nilimjibu vile kwa sababu ya samaki. Nasema wazi, maana baadaye nilitafuta sababu nyingine yenye heshima zaidi nikaikosa.

Ansbert alikuwa koplo mwaka wa tisa. Mara mbili jina lake lilitoka kwenye orodha ya kozi ya usajini, mara mbili likakatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni pakaandikwa "anahitajika kikosini". Anahitajika na nani? Na Bi Zamda, mke wa Kanali, ampeleke saluni, sokoni na kwenye vikao vya harusi. Safari hii jina lilibaki. Gari la kozi lingeondoka Ijumaa ya wiki iliyofuata, na ilikuwa lazima awemo, kwa sababu mkataba wake unaisha mwezi wa sita. Mwenye tepe tatu za usajini anaongezewa. Mwenye mbili anapewa mkono wa kwaheri na tiketi ya basi la Mbinga. Mkewe, Joyceline, alishaanza kumwita Sajini chumbani kwao, na kila akimwita anacheka mwenyewe.

Kuna jambo lazima niliseme hapa hata kama halinipambi. Gari la jeshi likitoka getini, mimi ndiye ninayeandika kwenye daftari limekwenda kazi gani. Bi Zamda akienda kuchagua vitenge, naandika "kazi maalum". Askari wanne wakihamisha kabati la dada yake Bi Zamda, kazi maalum. Nilifundishwa na karani aliyenitangulia, naye alifundishwa na wa kabla yake. Mgeni akisoma daftari letu atadhani nchi ilikuwa vitani na sisi ndio tulioikomboa.

Jumapili iliyofuata amri ilikuwa siku ya posa. Binti wa Kanali anachumbiwa, na barua ilikuwa iletwe nyumbani kwa wazazi wa Bi Zamda, mtaa wa pili kutoka Msimbazi, kwenye nyumba ya zamani yenye kibaraza ambayo imegoma kuuzwa katikati ya maghorofa mawili ya maduka. Bi Zamda ni mtoto wa Kariakoo, kazaliwa hapo, mama yake kazaliwa hapo. Ungemtegemea ajue kupokea wageni kwa adabu za kwao. Lakini ukishakuwa mke wa ofisa wa jeshi miaka ishirini na sita, hata adabu unataka zipige kwata.

"Nataka wavae kamili, mpaka kofia," aliniambia. "Wajue wanakuja kuoa wapi."

Basi Ansbert akawekwa sebuleni na sahani za halua, mimi nikawekwa mlango wa jikoni na birika za kahawa. Wageni wote walivua viatu kibarazani. Ansbert peke yake alikuwa na buti juu ya mkeka, kwa sababu Bi Zamda alisema sare bila buti ni pajama. Kwenye daftari nilikuwa nimeshaandika kwa mkono wangu: askari wawili, gari moja, kazi maalum.

Upande wa mume uliongozwa na Bi Chiku, bibi yake kijana anayeposa. Mwanamke mdogo wa umbo, buibui jeusi, miaka themanini na kitu, macho yanayohesabu kila kikombe. Mshenga aliketi ubavuni kwake na barua imefungwa kwenye leso nyeupe, lakini kila aliyekuwemo alijua barua ile haitoki mpaka bibi aseme itoke.

Ansbert akatoka na sahani ya kwanza, ya bibi. Aliishika kwa mkono wa kushoto. Niliona. Nikajiambia, akifika mbele yake atabadilisha, huyu si mjinga, kwao Mbinga nako wazee wapo. Na haki ya Mungu naamini angebadilisha, niliuona mkono wa kulia unaanza kusogea. Ila sekunde ileile Brigedia Elibariki, mwalikwa wa heshima, akatokea mlangoni ndani ya suti ya kijivu.

Visigino vikagongana, pa! Mkono wa kulia ukapanda, kiganja kimenyooka, kidole kimegusa ukingo wa kofia. Sijaona saluti safi kama ile mwaka huu wote. Na mkono wa kushoto ukabaki umenyooka vilevile, na sahani ya halua puani kwa Bi Chiku.

Nje muuza vyombo alikuwa anatangaza bei kwa kipaza sauti, na ikabaki sauti yake tu.

Bi Chiku akaitazama sahani. Akautazama mkono. "Mwanangu," akasema taratibu, "mkono huu asubuhi unaufanyia kazi gani?"

Mkono wa Ansbert ulikuwa bado kofiani. Aliyepiga saluti hashushi mpaka mkubwa aitikie, na mkubwa mwenyewe alikuwa kasahau kuitikia, kaduwaa mlangoni na zawadi yake kwapani.

"Mkono wa msalani ndio wa kunilisha mimi?" Sasa sauti ilipanda. "Kwenye nyumba niliyokuja kuomba mke? Mshenga, leso mfukoni. Twendeni."

Wakaenda, watu kumi na mmoja. Kilichouma zaidi ni kuvaa viatu. Watu wameshakasirika, wanataka kuondoka kwa kishindo, halafu wanainama kibarazani robo saa nzima kutafuta kandambili ya nani iko wapi, na Kanali kasimama juu yao anasema "tafadhalini, tafadhalini" bila kumpata wa kumwambia. Ndani binti alikuwa amesikia kila neno. Bi Zamda alilia machozi ya kweli, na hapo sitamcheka.

Jumatatu asubuhi Kanali akaniita.

"Andika shtaka la Ansbert. Kumdhalilisha mzee na kulivunjia jeshi heshima. Siku kumi na nne mahabusu. Nataka niwapelekee habari wale watu kwamba ameadhibiwa."

"Afande, gari la kozi ni Ijumaa."

"Nimekuuliza ratiba?"

"Hapana, afande. Na pale panapouliza alikuwa kwenye kazi gani, niandike nini?"

Alinitazama utadhani nimemuuliza jina lake. "Kazi maalum, Leticia. Siku zote unaandika nini?"

Nikatoka. Kwenye korido nikakutana na Ansbert amesimama wima ukutani, ameshaambiwa. Nilitegemea anilaumu, nikajiandaa na la kumjibu. Akasema tu, "Afande, nilisoma kilichoandikwa." Bila kisirani, bila kunikazia jicho. Bora angenitukana. Niliingia ofisini nikafunga mlango, nikakaa mbele ya kompyuta na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi, maana kila nikiirusha kwa Kanali inarudi kunipiga mimi. Amri niliandika mimi. Kijana aliniuliza mimi. Na daftari lile lina mwandiko wa mtu mmoja tu.

Nikaanza kuchapa. Yale maneno mawili yalikuwa yanakuja yenyewe vidoleni, nikayafuta. Yakaja tena. Nikayafuta tena, nikaandika mambo yalivyokuwa, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na nikayapanga vizuri kwa herufi kubwa kidogo, kwa sababu Kanali miwani hapendi kuivaa mbele za watu. Wala sikuwa na wasiwasi kwamba atagundua mapema. Kwa miaka minne hajawahi kusoma karatasi yangu kabla ya kusimama nayo.

Shauri lilisikilizwa Jumatano saa nne. Wiki hiyo Brigedia Elibariki alikuwa kikosini kwetu kwa ukaguzi, na Kanali mwenyewe ndiye aliyemkaribisha aketi pembeni aone jinsi nidhamu inavyosimamiwa. Ansbert akaletwa ndani kwa kwata, bila kofia wala mkanda, kama inavyotakiwa kwa mshtakiwa. Shingo ilikuwa imemkonda kwa siku tatu. Mimi nilisimama nyuma na faili.

Kwetu kamanda ndiye anayemsomea mshtakiwa shtaka lake, kwa sauti. Kanali akakohoa, akaishika karatasi mbali kidogo na uso, akaanza kwa sauti yake ile ya jukwaani.

"Wewe, Koplo Ansbert, unashtakiwa kwamba siku ya Jumapili, saa kumi alasiri, katika nyumba ya wazazi wa mke wa Kamanda, Kariakoo, ukiwa kwenye kazi ya kugawa halua kwa amri ya mke wa Kamanda..."

Hapo alipaswa kusimama. Lakini msemaji akishachanganya gia hasimami hovyo, na ile sauti ilikuwa imeshamtangulia.

"...ulimpa mzee sahani kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa mkono wako wa kulia ulikuwa unampigia saluti Brigedia, kwa kufuata Amri ya Kikosi Namba Saba iliyosainiwa na..."

Akasimama. Akavaa miwani. Akasoma kimya, midomo inacheza. Kisha akaniangalia, na mimi nikaangalia picha ukutani, maana ndiyo iliyokuwa mbele yangu.

"Iliyosainiwa na nani?" akauliza Brigedia kutoka pembeni.

"Na... na mimi, afande."

"Endelea na utaratibu."

Kanali akamgeukia mshtakiwa. "Koplo, unakubali kosa au unakataa?"

"Kwa bibi nimekosa, afande," alisema Ansbert. "Kwa amri sijakosa."

Brigedia akasogeza kiti. Nilitegemea aulize kuhusu amri, au kuhusu halua, ambayo hata yeye alikuwa amekwenda kuila. Akauliza kitu kingine. "Yule bibi kuna mtu amekwenda kumwomba radhi?" Alikuwa anamtazama Kanali.

"Tulikuwa tunasubiri adhabu itolewe kwanza, afande, ili tukienda tuwe na..."

"Nimekwenda mimi, afande," alisema Ansbert.

Wote tukageuka.

"Lini?"

"Jumatatu jioni, nilipomaliza zamu. Nilimwamkia, nikamweleza. Nilikwenda na nguo za kiraia, afande, ili mikono yote miwili iwe yangu."

"Akasemaje?"

"Alinicheka sana, afande. Halafu akanipa kahawa, akaniangalia nitapokea kwa mkono gani. Amesema barua italetwa Jumamosi, ila safari hii hataki kuona jeshi."

Kamanda mzima, na mke wake, na wakwe, na mimi na miaka yangu ishirini na miwili, hakuna aliyekwenda kugonga mlango wa mwanamke mzee na kusema samahani. Aliyekwenda ni koplo, na alikwenda bila kutumwa.

Shtaka likafutwa palepale. Ijumaa saa kumi na moja alfajiri Ansbert alipanda gari la kozi na begi lake begani kushoto. Joyceline alikuja mpaka getini, akamwita Sajini mbele ya walinzi, na hakucheka, alilia. Sasa hivi yuko mwezi wa tatu wa kozi na nasikia wakufunzi wanamchoka kwa maswali.

Lakini Brigedia si mtu wa kuacha uzi ukining'inia. Siku ileile ya shauri aliomba daftari la magari. Alilikalia mchana kutwa, anafungua, anafunga, anafungua. Mwishoni akaniita.

"Sajinitaji, humu kazi maalum nimezihesabu mia na kumi na nne. Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu, afande."

"Zilikuwa kazi gani?"

Nikamwambia. Moja moja, vitenge, kabati, saluni, kitchen pati ya mtoto wa dada, zote nilizozikumbuka, na nilizikumbuka karibu zote. Tulimaliza magharibi.

Uamuzi ukaja baada ya wiki mbili. Kanali Abdulhamid, kwa kuzingatia kipaji chake cha kueleza mambo, akahamishiwa chuoni kufundisha maadili na uongozi. Msicheke. Pesa ya uhamisho kalipwa na nyumba kapewa. Mimi nikapewa karipio la maandishi kwa kuandika uongo kwenye kumbukumbu za jeshi, na siwezi kusema nimeonewa, kwa sababu niliuandika kweli, mara mia na kumi na nne, kwa mwandiko mzuri. Medali ya utumishi mrefu na tabia njema niliyokuwa nivishwe Desemba imenipita. Mama yangu kule Masasi alishashona na nguo ya kuja nayo. Nilimpigia simu, akaniuliza kama yule kijana aliondoka. Nikamwambia aliondoka. Akasema basi nguo ataivaa Krismasi.

Kilichobaki ni karipio lenyewe. Karipio ni barua, na barua za kikosi zinachapwa na karani mkuu. Kwa hiyo nililichapa mimi, jina langu, namba yangu, kosa langu, bila kupunguza kitu, nikalipeleka kwa Kanali apate kulisaini. Ilikuwa siku yake ya mwisho ofisini na makaratasi yalikuwa yamejaa kwenye maboksi.

Aliipokea barua kwa mkono wa kulia. Akavaa miwani. Akaisoma mstari kwa mstari, akarudi juu akaisoma tena, kidole kinafuata maneno, akageuza na nyuma kuona kama kuna kitu. Kisha akasaini.

Nilimpigia saluti na kutoka. Somo la weledi lilikuwa limemwingia, na nilifurahi kwa ajili ya wanafunzi wake.